Lenzi ya Milioni Tano, Picha ya Buku

Ukuta wa nyuma wa nyumba niliyopanga Mbulu mjini una matofali ya kuchoma 274, ukiacha mistari miwili ya chini iliyopigwa plasta. Najua kwa sababu niliyahesabu kwenye kompyuta, picha nimeikuza mpaka chembe za mchanga wa kwenye saruji zinaonekana, natafuta kama tofali la pembeni kabisa kushoto limetoka kali sawa na la katikati. Ukuta ule niliupiga asubuhi, nikaupiga jioni, nikaupiga kwa stendi na bila stendi, kwa kila tundu la lenzi kuanzia f/1.8 mpaka f/16. Mama mwenye nyumba alinitazama siku nne bila kusema kitu. Ya tano akaja na ndoo mkononi, akasimama kando ya stendi.

“Mwanangu, huo ukuta una ufa?”

“Hauna, mama. Najaribu lenzi.”

“Haya. Ukishamaliza kujaribu, utupige na sisi.”

Ilinichukua miezi miwili. Katika miezi hiyo nilibadilisha lenzi mara mbili, nikapanda basi kwenda Arusha mara mbili kwa ajili hiyo hiyo, nikakesha nikisoma vipimo vya maabara za nchi ambazo huenda nisizifikie, na yule mama akaendelea kupita na ndoo yake.

Namwandikia mtu wa Dongobesh, Haydom, Katesh au Basotu ambaye mwaka huu vitunguu saumu au alizeti imemlipa, ana kitu kibindoni, na anataka kamera: ya familia, au ya biashara ya kipaimara, sendofu na mahafali. Atakutana na watu kama mimi wa wakati ule. Watamwambia asubiri toleo jipya, asome kwanza, alinganishe kwanza. Kabla hajawasikiliza, apige hesabu hii.

Tuanze na lenzi, na tuchukue kampuni moja tusije tukagombania majina. Chukua lenzi mbili za milimita 50 ambazo Canon wamezitengeneza kwa kamera zao mpya, zile zisizo na kioo cha ndani. Ya kwanza, RF 50 f/1.2L, ilitoka 2018 kwa dola 2,299 huko Marekani. Ya pili, RF 50 f/1.8, ilitoka 2020 kwa dola 199. Tuseme dola ni shilingi 2,500, hesabu iwe nyepesi: moja ni 5,747,500, nyingine 497,500, na hapo hujagusa usafiri wala VAT ya asilimia 18. Tofauti ni 5,250,000. Mnadani Katesh kwa pesa hiyo unaondoka na ng'ombe kadhaa, idadi ikitegemea msimu na ulimi wako.

Hizo milioni tano na ushee zinanunua nini? Zinanunua mwanga mara mbili na robo. Lenzi ya f/1.2 ikifunguliwa yote huingiza mwanga wa kiasi hicho ukilinganisha na ya f/1.8. Ukiisikia hivyo inatisha, lakini kwenye kamera ni sawa na kupandisha ISO kutoka 800 hadi 1800, au kumwomba bibi harusi asogee hatua tatu kuelekea mlangoni. Zinanunua pia ukali wa pembeni mwa picha, mahali ambapo kwenye picha ya sendofu huwa pana kreti ya soda. Na zinanunua mipira ya kuzuia vumbi na maji. Hilo la mwisho ndilo peke yake lililonifanya nisite, kwa sababu vumbi la tambarare ya Hanang kiangazi, upepo ukitoka upande wa Ziwa Balangida lililokauka chumvi, linaingia hata kwenye saa. Kisha nikasoma uzito: gramu 950 dhidi ya 160. Dukani karibu kilo moja haina maneno. Ibebe toka Katesh ukipanda Mlima Hanang, wenye kilele cha mita 3,417, ndipo utakapoijua.

Kamera yenyewe nayo ina hadithi ileile. Canon R5 ilitoka 2020 kwa dola 3,899 bila lenzi, yaani 9,747,500, nayo ina megapikseli 45. Ninayotumia mimi ni 1300D ya mwaka 2016, megapikseli 18, niliyoinunua ikiwa imeshatumika pamoja na lenzi yake ndogo ya 18–55 kwa laki sita na nusu. Swali ambalo wapima kamera huliruka ni hili: picha inakwenda wapi? Huku kwetu inakwenda sehemu mbili. Ya kwanza ni kusafishwa, ile saizi ya postikadi, inchi 4 kwa 6. Kichapishi kizuri kinataka nukta 300 kwa kila inchi, kwa hiyo nukta 1,200 kwa 1,800. Zidisha: 2,160,000. Megapikseli mbili na kidogo. Hata ukisafisha ukubwa wa A4 utundike sebuleni, hufiki megapikseli 9. Sehemu ya pili ni WhatsApp, ambayo kwa mipangilio ya kawaida huiminya picha mpaka inabaki kama hiyo ya postikadi. Kamera yangu ya mtumba ina nukta mara nane ya zinazohitajika, na ile ya milioni tisa inazo mara ishirini. Mteja anapokea bahasha ileile.

Sasa vikapu viwili kwa ujumla. Kikapu cha kwanza: 1300D ya laki sita na nusu, lenzi ya EF 50 f/1.8 STM iliyotumika (mpya ilitoka 2015 kwa dola 125, yangu nilipatana laki mbili na nusu), betri ya akiba 40,000, memori kadi 25,000. Jumla 965,000. Kikapu cha pili: R5 na lenzi ya f/1.2, jumla 15,495,000, na bado hujanunua kadi.

Picha moja ya postikadi naitoza buku. Karatasi, wino na umeme vikitoka humo inabaki nusu, mia tano. Tuseme wiki inauza picha 100, ambayo kwa mji mdogo ni wiki ya heri. Kikapu cha kwanza kinarudisha pesa baada ya picha 1,930, wiki ishirini hivi. Cha pili kinataka picha 30,990. Hiyo ni karibu miaka sita, na ndani ya miaka sita kampuni itakuwa imeshatoa toleo jingine la kukunyima usingizi. Mpiga picha wa kumbi kubwa za Dar es Salaam, mwenye harusi kila Jumamosi na wateja wanaolipa kwa milioni, hesabu yake ni nyingine na simwingilii. Mimi naongelea Haydom.

Kuna kikapu cha tatu ambacho watu wengi tayari wanacho mfukoni. Simu janja ya laki nne au tano, mchana wa jua la Katesh, inatoa picha ambayo kwenye postikadi sitaweza kukuapia kwamba si ya kamera. Inashindwa ukumbini usiku, taa za rangi zikizunguka na watu wakicheza, kwa kuwa kihisio chake ni kidogo kama punje. Lakini kasoro yake kubwa iko kwa mwenye simu. Simu ikianguka kwenye pipa la maji, au ikiibwa stendi, inaondoka na miaka mitatu ya watoto. Ukiwa na simu tu, basi kila mwezi chagua picha kumi, zisafishe. Elfu kumi. Sijui matumizi mengine ya elfu kumi yanayodumu hivyo.

Gharama za kweli za kupiga picha huku haziandikwi kwenye boksi la kamera. Umeme si tatizo, watu hudhani ni tatizo: betri ya 1300D inabeba kama wati-saa 6 na nusu, kwa hiyo yuniti moja ya LUKU inaichaji zaidi ya mara mia, na hata ukiwa kwenye daraja la shilingi 350 na ushee kwa yuniti, kuijaza ni shilingi mbili tatu. Kibandani kwenye mnada utalipa mia tano kwa kuchaji betri hiyohiyo, ndiyo maana betri ya akiba inajilipa yenyewe. Tatizo ni ukungu. Mbulu ni juu, ni baridi, na miezi ya sita na ya saba ukungu unaweza kukaa mpaka saa nne asubuhi. Lenzi ikilala kwenye begi lenye unyevu, kuvu huota ndani ya kioo kama utando wa buibui, na fundi wa kukifungua yuko mbali. Vile vipakiti vyeupe vinavyokuja kwenye viatu vipya, usivitupe. Vikusanye, weka kamera kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, vitupie humo. Bei yake ni sifuri, na imeokoa lenzi zangu kuliko begi lolote la laki.

Na nauli ya kurudisha picha. Ukimpiga mama wa Kibarbaig mnadani amevaa vazi lake la ngozi lenye nyuzi na shanga, baada ya kumwomba na yeye akakubali, umekopa. Mnada unaofuata inabidi uwe pale na bahasha. Kuna wapiga picha waliopita nchi hii tangu wakati wa Mjerumani, wakachukua nyuso za watu wakaondoka nazo, na wazee wanalikumbuka hilo vizuri kuliko sisi. Niliporudi mara ya kwanza na picha tatu mkononi, mzee mmoja aliyekuwa amekataa kabisa kupigwa akanishika bega, akanivuta mpaka chini ya mgunga alipofunga ndama wake. Alitaka apigwe na ndama.

Nisimulie na hili, ingawa silipendi.

Mwaka 2022 niliitwa kupiga kipaimara katika kijiji kimoja chini ya Mlima Hanang. Nilikuwa na lenzi mbili za kulinganisha wiki ile. Kanisani nilikuta kinara cha mishumaa cha shaba karibu na altare, kimepigwa na mwanga wa dirishani kutoka ubavuni, na kwa mtu mwenye ugonjwa wangu kile kilikuwa kishawishi. Nikakipiga kwa lenzi hii, nikakipiga kwa ile, tundu kwa tundu. Watoto nikawapiga pia, niliwapiga wote, kazi nilifanya nikalipwa.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 2023 mvua ilinyesha mlimani, na asubuhi ya Jumapili ile tope, mawe na magogo vikashuka kutoka Hanang mpaka Katesh na vijiji vya jirani, Gendabi na Jorodom vikiwemo. Walikufa watu zaidi ya 80. Nyumba zilikwenda na kila kilichokuwa ukutani.

Miezi michache baadaye alinifuata kijana.

“Kaka, shikamoo.”

“Marahaba.”

“Wewe ndiye ulipiga kipaimara cha dada yangu. Mama alikuwepo siku ile. Tunaomba picha yake.”

Nikafungua diski. Picha 214 za siku hiyo. Tulizipitia moja moja, yeye amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu yangu, mikono katikati ya magoti. Kinara, kinara, kinara. Watoto kwenye mstari. Kinara. Mama yake tulimpata mara mbili. Katika moja amefumba macho. Katika nyingine yuko nyuma ya bintiye mwenye gauni jeupe, ameshika sahani ya pilau, anacheka na mtu ambaye hayumo kwenye picha, na fokasi imekaa kwenye nywele za binti. Nikaikata, nikaipandisha mwanga, nikaisafisha saizi ya A4. Chembechembe zimejaa na sura haikutulia, lakini ni yeye.

“Hakuna nyingine?” akauliza.

Nikamwambia hakuna. Kinara nilikuwa nacho mara 61.

Mpiga picha Seydou Keïta, aliyekuwa na studio Bamako, Mali, tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, kwa kawaida alimpiga mteja mara moja tu, kwa sababu filamu ilikuwa ghali. Pazia la nyuma la kwanza lilikuwa shuka lake la kitandani. Alimgeuza mteja kidogo, akamwekea mkono mahali pake, akasubiri, akabonyeza. Kamera yake ya utotoni ilikuwa Kodak Brownie, aina ileile ya boksi ambayo ilipoanza kuuzwa mwaka 1900 bei yake ilikuwa dola moja. Boksi la namna hiyo ndilo alilolianzia pia Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi 1943 akakulia Dar es Salaam, na ambaye mwaka 1984 alirekodi njaa ya Korem, Ethiopia, kwa filamu iliyoizunguka dunia. Nisije nikamsingizia: Amin baadaye alibeba vifaa vizuri vya wakati wake na alivijali. Mwaka 1991 ghala la silaha lilipolipuka Addis Ababa alipoteza mkono wa kushoto, akarudi kazini na mkono wa bandia. Mtu wa namna hiyo anahitaji kifaa kinachomtii, na kukitafuta si ugonjwa. Ugonjwa ni pale ukuta unapopigwa picha nyingi kuliko watu wanaoishi nyuma yake.

Mbulu tuna mfano wetu, ingawa aliyeshika kamera hakuwa wetu. John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Meksiko tarehe 20 Oktoba 1968. Alianguka njiani, akaumia goti. Mamo Wolde wa Ethiopia alimaliza kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, goti limefungwa bendeji, giza limeingia, medali zimeshatolewa na watazamaji wengi wameshaondoka. Tunamwona hadi leo akichechemea kuelekea mstari kwa sababu kulikuwa bado na mtu mwenye kamera. Ni picha ya giza, na ukiikuza utaona chembe. Vifaa vilivyokuwa bora zaidi siku ile huenda vilikuwa vimeshafungwa kwenye maboksi.

Kupima kuna mahali pake, na mahali penyewe ni kaunta ya duka, kabla pesa haijatoka. Mimi niliwahi kuuziwa lenzi yenye kuvu katika duka moja la mjini kwa sababu nilikuwa na haraka ya basi, kwa hiyo haya nimeyalipia. Washa tochi ya simu, imulike lenzi kutoka nyuma huku ukiitazama kwa mbele: utando mweupe ukionekana, rudisha. Piga karatasi nyeupe kwa f/16 uangalie kama kihisio kina madoa. Piga mara ishirini mfululizo usikilize kama shata inakwama. Fungua na ufunge kifuniko cha betri, kwa kuwa kwenye kamera za mtumba hicho ndicho huvunjika kwanza. Mwulize muuzaji kamera imebofya mara ngapi, ukijua kwamba za daraja la chini hutarajiwa kubofya makumi ya maelfu na si malaki. Mpige muuzaji mwenyewe, macho yake, kwa tundu lililofunguliwa lote, uone fokasi imekaa kwenye jicho au kwenye sikio. Dakika ishirini. Ukishatoka mlangoni hapo, umeshapima.

Jaribio jingine ninalolikubali unalifanya nyumbani mara moja, na watu wako. Kamera hupima mwanga kwa kukisia kwamba kila kilicho mbele yake ni cha kijivu. Mweke mtu mweusi mbele ya anga la saa saba la Basotu, kamera itaona anga jeupe, itapunguza mwanga, na uso utatoka kama mkaa. Ongeza mwanga hatua moja, piga. Ongeza moja na nusu, piga. Mgeuze jua liwe kisogoni, msogeze chini ya upenu, piga tena. Kwa miaka mingi Kodak walisambaza kwenye maabara picha za mwanamke wa Kizungu ziwe kipimo cha rangi ya ngozi, na nyuso zetu zikasafishwa kwa kipimo hicho. Kwa hiyo cha kujaribia wewe ni shangazi, mtoto na jirani. Andika namba zilizowatoa vizuri, zibandike chini ya kamera.

Mama mwenye nyumba nilimpiga hatimaye Jumamosi moja jioni, mbele ya ukuta uleule, jua limeshapita upande wa pili wa nyumba. 1300D, ile 50 ya mtumba, f/2.8. Alikuwa anatoka bombani. Nikamwambia asimame hapohapo, akasimama. Nyuma yake ule ukuta umebaki rangi nyekundu tu, hata tofali moja huwezi kulihesabu.

Niliisafisha nikampelekea. Aliitazama, akaipeleka dirishani kwenye mwanga, akaitazama tena.

“Sasa ndoo ndiyo nini hapa?”

Ameitundika, lakini anataka nyingine, Jumapili akitoka kanisani, bila ndoo na pamoja na wajukuu wote, kila mmoja apate nakala yake. Wajukuu ni tisa. Pamoja na ya kwake, buku kumi.